Staringi Hafi, Adui Hazikwi

Chumba cha video cha mtaani kwetu Wete kilikuwa ghala la karafuu kabla hakijawa chumba cha video, na hakikusahau kazi yake ya mwanzo. Ukiingia, harufu ya karafuu ndiyo inayokupokea mlangoni, halafu inafuata ya jasho la watoto arubaini waliobanana kwenye jamvi. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Mbele kuna televisheni ya inchi 21, chini yake deki, na nje jenereta linanguruma, maana umeme wa Pemba miaka ile ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya Wesha, wa kuja na kuondoka. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umetufikia 2010. Mimi nasimulia ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, mtoto aliyeokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, asubuhi, jioni ana haki ya kukaa mstari wa mbele.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja tu, na kila mtu akiijua: staringi hafi. Staringi anapigwa risasi ya bega, anaichokoa mwenyewe kwa kisu, anajifunga kitambaa, anaendelea. Ukileta mkanda ambao staringi anakufa mwishoni, watu wanadai hamsini zao. Sheria ya pili hakuna aliyeitamka, lakini tuliifuata vilevile. Adui hazikwi. Adui anaanguka, anaangukiwa na adui mwenzake, na kamera imeshaondoka. Tulikuwa na karani wetu wa maiti, kijana mmoja mwenye sauti kali, akihesabu: ishirini na mbili, ishirini na tatu, wawili kwa mpigo, ishirini na tano. Siku tuliyofika sitini tulitoka tumefurahi kama watu waliotoka harusini.

Siku moja ami, ndugu wa baba yangu, alinifuata mle na bakora. Nilikuwa nimekimbia chuoni, kwenye masomo ya Kurani, na mwalimu alikuwa ameshapeleka habari nyumbani. Alisimama mlangoni, mkono mmoja umeinua gunia, mwanga wa alasiri ukaingia mpaka usoni mwa Rambo, watu wakapiga kelele afunge. Akafunga, lakini yeye akabaki ndani. Ilikuwa Rambo ya pili, mle kwenye majani marefu na mishale yenye baruti. Ami alitazama labda dakika kumi. Nilidhani amenisahau. Kisha akamwuliza mwenye deki, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Hawa nao, nani anawazika?"

Chumba kizima kilicheka. Mwenye deki akamwambia, "Ami, hii picha tu. Wakimaliza hapo wanaamka wanakwenda kula." Ami hakucheka, wala hakukasirika. Alinishika sikio tukatoka. Bakora sikuipata siku ile, na njia nzima hakusema neno.

Lazima nieleze ami ni nani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia sehemu ya Kagera, na Tanzania ikajibu kwa vita vilivyoishia ndani ya Uganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ami alikuwa jeshini, kijana wa miaka ishirini na kidogo, mtoto wa Wete ambaye kabla ya hapo mahali pa mbali kabisa alipopajua ni Tanga. Alirudi mzima. Hana kovu la kuonyesha wageni. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na maelezo yake mafupi kuhusu vita vile: "Aliondoka mtu wa maneno, karudi mtu wa ndiyo na siyo."

Mambo ya vita ametusimulia mara moja tu, na hayakufika mwisho. Tulikuwa tumekaa barazani, mimi nimeshakuwa mkubwa, akasema kwamba njiani, kabla ya Masaka kule Uganda, walimwacha mwenzao chini ya mgomba, wakamfunika kwa majani ya mgomba huohuo. "Tulirudi siku ya tatu," alisema. Nikamwuliza, mkamkuta? Akanituma chumvi dukani.

Nimekuwa mtazamaji wa filamu za vita tangu utoto na sitaki kujifanya nimetubu. Lakini swali lile la mlangoni limeniharibia utazamaji. Kila picha nikiitazama najikuta nasubiri kuona nani atazika. Kwetu sisi maiti ana haki zake nne, aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe, na hayo ni fardhi kifaya: wakitimiza wachache, wengine wamesalimika, asipotokea mtu, dhambi ni ya mji mzima. Kwa hesabu hiyo, sisi watoto arubaini wa ghala la karafuu tuna deni kubwa.

Nianze na Rambo mwenyewe, kwa sababu tumemdhulumu. Tanzania nzima ilimgeuza mfuko wa plastiki; "nipe rambo" ilikuwa na maana ya nifungie nyanya zangu nikaondoke. Sisi wa video tukamfanya mashine ya kuua. Ila filamu ya kwanza kabisa, First Blood ya 1982, ile tuliyoiita Rambo wani na kuidharau kwamba imepoa, ina maiti mmoja tu. Mmoja! Ni askari polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Vurugu yote iliyobaki ni ya mtu mmoja aliyerudi kutoka Vietnam, anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki aliyepigana naye, anakuta ameshakufa kwa saratani, kisha anaingia mji mdogo ambao mkuu wake wa polisi hapendi sura yake.

Na mwisho wake ndiyo habari yenyewe. Rambo amezingirwa, kanali wake wa zamani anaingia kumshawishi ajisalimishe, na yule mtu wa mabavu anakaa chini analia. Anasema kule alikuwa akirusha helikopta na kuendesha vifaru, huku hapati hata kazi ya kuegesha magari. Anasimulia mtoto aliyekuja kuwapolishia viatu Saigon na kisanduku kilichotegwa bomu, rafiki yake alivyopasuka, na yeye alivyokuwa akijaribu kuzuia matumbo yasimwagike. Akimaliza anamkumbatia kanali kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sisi hatukuyaona hayo. Ikifika hapo, mwenye deki alikuwa akibonyeza kupeleka mbele. "Kulia kulia tu huko, hakuna kitu," alituambia, na sisi tuliitikia. Nakumbuka vizuri: mistari myeupe inapita kwenye kioo, mdomo wa Rambo unachezacheza kama wa sungura, mabega yanatikisika haraka haraka, mpaka inaonekana kichekesho, halafu majina yanapanda. Karibu miaka kumi nilijua kwamba Rambo wani inaishia kwa mtu kutetemeka. Nimeisikia sauti ya kilio kile nikiwa nasoma Unguja, kwenye kompyuta ya kuazima, na niliona haya peke yangu chumbani.

Nadhani hapo ndipo filamu nyingi za vita zinapojigawa, si kwa wingi wa damu. Kuna zinazobakia pale mtu alipoanguka, na kuna zinazopeleka mbele. Damu yenyewe haithibitishi kitu. Saving Private Ryan ya 1998, karibu na mwanzo, inaonyesha askari wakitua pwani ya Normandie, na kwa dakika ishirini na zaidi utumbo na mikono vinamwagika mpaka unageuza uso. Lakini kilichonikaa mimi ni karani wa kike kwenye ofisi ya barua za vifo, anayegundua kwamba barua tatu zinakwenda kwa mama mmoja, na yule mama anapoiona gari ikija anakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi wa nyumba yake bila kutamka kitu. Hakuna bunduki mahali pale. Mwenye deki wetu angeshapeleka mbele zamani.

Nyingine ni All Quiet on the Western Front ya Wajerumani, ya 2022. Mwanzoni tu kijana anakufa kwenye mahandaki. Badala ya kumfuata staringi, kamera inafuata nguo zake. Maiti wanavuliwa, sare zinafungwa mafurushi, zinasafirishwa, zinafuliwa kwenye mapipa maji yakawa mekundu, halafu chumba kizima cha wanawake wenye cherehani wanaziba matundu ya risasi. Sare inakabidhiwa kijana mwingine, Paul, ambaye anachekelea kwenda vitani. Anaona kibandiko cha jina la mtu kolani. Anasema, hii ina mwenyewe. Ofisa anakibandua, anamwambia pengine ilimbana huyo, na kitambaa kinaanguka chini.

Mzanzibari hawezi kuangalia kipande hicho akatulia. Nimevaa mitumba ya Darajani maisha yangu yote. Wazee wetu waliiita kafa Ulaya, na tulikuwa tukicheka. Nilikuwa na jaketi, bluu, zuri, lenye jina la mtu limeandikwa kwa wino ndani ya kola. Nililivaa miaka mitatu bila kumfikiria mwenyewe hata siku moja. Baada ya filamu ile nililitoa kabatini nikalisoma tena jina lile. Yumkini mwenyewe yuko hai na amenenepa tu. Lakini nililisoma.

Iliyonimaliza kabisa ni katuni. Namwambia mtu hivi kila mara na ananicheka mpaka aitazame. Grave of the Fireflies imetoka Japani mwaka 1988, imetengenezwa na Isao Takahata, mtu ambaye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa alinusurika mji wake wa Okayama ulipopigwa mabomu. Hadithi ni ya Akiyuki Nosaka, aliyempoteza dada yake mdogo kwa njaa mwaka 1945 na akaandika ili kumwomba radhi. Kaka na dada, Seita na Setsuko, wanapoteza mama yao mabomu ya moto yanapoichoma Kobe. Wanakwenda kwa shangazi, shangazi anaanza kuwahesabia wali. Wanahamia pangoni kando ya bwawa. Wanajeshi wa adui huwaoni sura hata mmoja; unaona ndege tu, juu, zinang'aa.

Kisha Setsuko anakufa, kwa utapiamlo. Na hapo filamu haikimbii. Seita anapata mkaa, anamweka dada yake ndani ya kapu na mdoli wake, anakaa naye mpaka moto umalize kazi. Mtoto wa miaka kumi na minne ndiye jamaa, ndiye mwoshaji, ndiye imamu, ndiye mchimba kaburi. Mila yao si yetu. Wao wanachoma, sisi tunazika, na bibi yangu angesema astaghafirullah akageuka upande wa pili. Lakini swali la ami lilipata jibu kamili. Majivu kidogo anayatia kwenye kopo la peremende alilokuwa akilipenda mtoto. Filamu ilikuwa imeshaanza na kopo hilo: Seita amekufa stesheni, mfagiaji analiona, halijui ni la nini, analirusha gizani kwenye majani.

Takahata amesema kwamba hakukusudia filamu ya kupinga vita. Sibishani naye. Mimi naona amefanya kubwa zaidi. Amekaa na maiti mmoja mpaka mwisho.

Kuna methali ya tembo na nyasi ambayo kila anayeandika habari za vita kwa Kiswahili lazima aipachike, nami nimeichoka. Nyasi nazo hazina jina. Afadhali ile ya mzigo wa mwenzio kuwa kanda la usufi, maana angalau inamsuta anayetazama.

Na sisi wenyewe tumekuwa kanda la usufi la watu. Ingia kwenye intaneti utafute vita vifupi kuliko vyote duniani, utatuona. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika chache asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kulipiga kwa mizinga jumba la Sultani pale Forodhani, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki, na Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Dakika 38 wanasema wengi, wengine arubaini na ushei. Jengo lilikuwa la mbao sehemu kubwa, na ndani na pembezoni walikuwamo watu wapatao 3,000, askari, watumishi, watumwa. Upande wa Zanzibar waliokufa na kujeruhiwa ni karibu 500. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Vijana wa mtandaoni wameifanya mzaha: vita vimekwisha kabla ya mapumziko ya mpira. Nimewahi kupita Forodhani nikamsikia mtembeza watalii akiieleza hivyohivyo, wageni wakacheka, na yeye akacheka nao kwa kuwa ndiyo riziki yake. Simlaumu. Lakini nilisimama pale na muhogo wangu wa kuchoma mkononi nikapiga hesabu ya yule karani wetu wa Wete. Watu 500 kwa dakika 38 ni watu kumi na tatu kila dakika. Kila sekunde tano, mmoja. Hata Rambo ya tatu haifiki huko. Na Agosti ile ya 1896 kuna mtu aliwaosha waliokufa, kuna mtu aliazima jembe, kuna msikiti ambao tusi lake la kubebea maiti halikupumzika mpaka usiku. Sijawahi kuona filamu iliyowakaribia watu hao.

Ukitaka kuona tofauti ya kuzikwa na kuzikwa, panda boti uende Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, chenye paa na popo. Huko kuna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwamo wa manowari ya Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini kwetu tarehe 20 Septemba 1914, wakafa 38. Nilikwenda siku ya Jumapili. Mawe yana majina na vyeo. Nilisoma jina moja moja kwa sauti, nikajisikia mjinga, nikaendelea. Kijana wa watu, amekufa mbali na mama yake kwa ugomvi usiomhusu. Anastahiki jiwe lake. Niliporudi bandarini niliangalia ng'ambo kule jumba la 1896 lilipokuwa, na pale hakuna jina la mtu kusoma.

Picha nyingine inayotuhusu sina raha kuiandika, lakini nikiiruka nitakuwa nami napeleka mbele. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio, na ndani yake kuna vipande walivyopiga Zanzibar kutoka hewani, Januari 1964, siku za Mapinduzi. Filamu ile imeshutumiwa kwa ubaguzi na mimi naikubali shutuma hiyo. Inaitazama Afrika kama mtu aliyesimama juu ya shimo la nyoka. Hata hivyo vipande vile vinapita kwenye simu za watu hapa kila Januari. Unaona ufukwe, unaona vitu vyeupe, na inakuchukua muda kuelewa kwamba vyeupe ni kanzu. Wengine wanatembea kuelekea baharini. Wengine wamelala.

Namjua mzee mmoja aliyekisimamisha kipande kile mara nyingi, akikuza kwa vidole viwili, akimtafuta mtu wake. Hawezi kumpata. Kwa urefu ule kila mtu ni nukta. Nikafikiria ile katuni ya Kijapani: kule kamera iko chini pamoja na watoto, ndege ndizo ndogo. Huku kamera imo kwenye ndege, na sisi ndio tulio wadogo. Siasa za Januari ile tumezibishana barazani miaka sitini na tutazibishana mingine sitini. Mimi nazungumzia urefu tu. Hakuna anayelia kwenye filamu ile, kwa sababu sauti haifiki huko juu.

Mwaka jana nilikwenda Wete kwa hitma ya bibi. Usiku wageni wameondoka, tumebaki mimi na ami na birika, nikamwambia, ami, nina picha nataka uitazame. Niliiweka Rambo wani kwenye simu, tukaiegemeza kwenye kopo la sukari. Nilikuwa na hamu moja tu, nisikatae: nilitaka aone ile sehemu ya kilio, na mimi nimwone yeye anapoiona.

Aliitazama yote, kimya, kashata mkononi haliwi. Kilio kilipofika nilimtupia jicho la pembeni. Ami alikuwa akiangalia kioo kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, hakutikisika. Majina yakapanda. Akafikicha macho, akauliza:

"Yule aliyeanguka na helikopta. Walimchukua?"

Nikamwambia sikuangalia, ami.

"Rudisha."

Nikarudisha. Alichukua simu akaishika mbali kama wazee wanavyoshika, akaanza kuvuta kwa kidole mwenyewe, akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena, polisi wanapanda mlima kinyumenyume, mbwa wanakimbia kinyumenyume, mpaka akaliona lile bonde lenye mawe.